Darubini ya Inchi Nane ya Mtumba: Kwasari Nimeiona, Skrubu Bado Naingoja

Nianze na bei, maana ndilo swali la kila anayeingia dukani kwangu na kulikuta bomba hili jeusi limesimama kando ya kabati la saa. Elfu thelathini na sita. Muuzaji alianzia hamsini na tano, mimi nikaanzia ishirini, tukavutana kwa vikombe viwili vya kahawa chungu na kashata moja ambayo aliila peke yake. Hakushuka kwa ulimi wangu. Alishuka nilipomulika tochi ya simu ndani ya bomba, nikamwonyesha utando wa buibui na vidoa vyeupe ukingoni mwa kioo, nikamwuliza, "Na hii chumvi ya bahari nayo waiuza kwa kilo?"

Mimi ni fundi saa. Mwaka wa thelathini na moja huu nakaa meza ileile Mji wa Kale, Mombasa, lenzi imeniganda jichoni hata mke wangu husema siku yangu ikifika nizikwe nayo. Kwa hiyo mtu akiniuzia kioo na ajue anamuuzia nani.

Duka lenyewe silitaji. Liko katika uchochoro usio mbali na Marikiti, wanauza vitu vilivyotoka kwenye mahoteli yaliyofungwa: feni, majokofu, vitanda vya kuotea jua, birika za chai za watu hamsini. Darubini hii ilikuwa imelazwa chini ya feni, nikadhani bomba la jikoni la kutolea moshi. Bwana mwenye duka akaapa kwamba wageni walikuwa wakiitazamia mbingu wakaona zambarau, waridi na buluu, "kama kalenda ya benki, fundi." Maneno hayo yawekeni kando, tutayarudia.

Kulikuwa na kasoro moja niliyoiona palepale. Juu ya bomba hukaa kidarubini kidogo cha kulengea, na hushikwa na skrubu tatu. Zilikuwapo mbili. "Ya tatu iko stoo," akasema. "Njoo kesho uichukue." Hiyo ilikuwa mwezi wa kumi na mbili.

Sasa nieleze chombo. Ndani hamna maajabu. Chini kabisa kuna kioo cha duara kilichobonyea kama sahani ya supu, upana wake milimita 203. Kinakusanya nuru na kuirudisha juu, inakutana na kioo kidogo kilichowekwa mshazari, nacho kinaitupa pembeni kwenye tundu unapoweka jicho. Lenzi za kuwekea jicho zilikuja mbili: moja inakuza mara 48, ya pili mara 120. Muuzaji akikwambia inakuza mara mia sita, mwache amalize, kisha teremsha bei. Unalolipia hapa ni upana wa kioo. Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka kama milimita 7. Piga hesabu ya maeneo ya hizo duara mbili, utaona kioo hiki kinapokea nuru mara 840 kuliko jicho tupu. Hiyo ndiyo bidhaa. Mengine ni bati na rangi.

Kiti chake ni sanduku la mbao za kushindiliwa linalozunguka kama sinia. Hakina umeme, hakina gia, unalisukuma bomba kwa mkono. Mtindo huu ulienezwa na John Dobson kule San Francisco, mtu aliyekuwa mtawa, akisugua vioo vya madirisha ya meli kuukuu mpaka vikawa vioo vya darubini, akavitia kwenye mabomba ya karatasi ngumu na kuwaita wapita njia waje watazame. Mimi nilipenda jambo hilo. Fundi anayeanza na chakavu namwelewa. Na kiti kwa kweli hakina lawama: kinateleza pasi na kukwama, na ukikiacha kinatulia. Ningekuwa na saa za ukutani zenye tabia hiyo ningekufa tajiri.

Usiku wa kwanza tuliipandisha juu ya dari ya nyumba, mimi na mpwa wangu anayesoma fizikia chuo, mwaka wa pili. Ngazi za Mji wa Kale mwazijua, mtu hupanda kwa ubavu. Tulimwonyesha mama yangu mwezi. Akakaza jicho, akanyamaza kitambo, halafu akasema, "Maskini, kumbe aliugua ndui." Mushtarii, ile sayari ya Jupita, tukamwona na miezi yake minne imejipanga kama vifungo vya kanzu. Mpaka hapo nilishapata thamani ya elfu thelathini. Zile sita zilizobaki ndizo zilizoniingiza matatani.

Maana mpwa wangu alisema, "Ami, mwezi kila mtu ameuona. Tutafute kwasari."

Nikamwuliza kwasari ni dude gani. Akasema ni kitu kinachofanana na nyota na si nyota, kiko mbali kupita akili, na kile kinachong'aa kuliko vyote ukitazama kutoka duniani ndicho kinachoifaa darubini kama yetu. Jina lake 3C 273. Nikamwambia hilo si jina, hiyo ni namba ya vipuri. Naye akakubali: C ni ya Cambridge, 3 ni orodha ya tatu ya vyanzo vya redio, yaani vitu vya mbinguni vinavyotoa mawimbi ya redio, waliyoitengeneza wao, iliyotoka mwaka 1959, na 273 ni nafasi yake kwenye orodha. Mahali pake mbinguni ni katika buruji ya Sumbula, ile ambayo ramani za Wazungu huiita Virgo. Sumbula nilikuwa nalijua. Marehemu baba alikuwa na kitabu cha falaki chenye buruji zote kumi na mbili, Hamali mpaka Hutu, na Sumbula ni shuke la nafaka. Kwa hiyo nikakubali, kwa ajili ya jina zaidi kuliko kwa ajili ya dude.

Hapa ndipo tathmini yangu inapogawanyika, kwa sababu darubini ileile ilikuwa bure juu ya dari na ikawa lulu kwingine.

Kutoka kisiwani haionekani. Tulijaribu mara tatu. Ulikuwa Machi, mwezi wa Ramadhani, na baada ya tarawehe Mji wa Kale haulali: viazi karai vinachomwa, watoto wako barabarani, kila msikiti na kila duka limetundika taa zake, na kule Kilindini taa za bandarini zimeipaka mbingu rangi ya chai ya maziwa. Ongeza mvuke wa kaskazi inayoisha. Kwasari hii ni hafifu zaidi ya mara mia tano kuliko nyota hafifu kabisa unayoweza kuiona kwa jicho tupu mahali penye giza zuri. Hata uwe na kioo, ukikitia kwenye mbingu ya chai ya maziwa utapata chai ya maziwa iliyokuzwa.

Basi usiku mmoja wa kumi la mwisho, mwezi umekonda na hautoki mpaka karibu na alfajiri, tukaamua kwenda Gazi, pwani ya kusini, kwa rafiki yangu mwenye shamba la minazi. Bomba tukalifunga kwa leso mbili za mke wangu na mkeka, tukavuka Likoni saa tano usiku.

Kama unataka kuzungumza na watu wa Mombasa, usinunue gazeti. Panda feri na bomba la futi nne. Kijana mmoja akatuuliza kama tumeuiba mzinga wa Ngomeni, kule Fort Jesus. Mwingine akasema ni chimni ya mkahawa. Mpwa wangu kwa adabu zake akaeleza kwamba hii ni ya kutazamia nyota. Kosa! Mama mmoja aliyekuwa na kapu la mahamri akasogea, akanishika mkono wa kanzu, akasema kwa sauti ya chini, "Basi baba, nitazamie na ya mwanangu. Kila akiomba kazi hapati." Nilimweleza kwamba sisi si wapiga ramli. Akaniangalia kama niliyemnyima maji. Akatupa mahamri manne hata hivyo, akasema tumwombee dua tukifika.

Gazi tulifika karibu saa saba. Giza la pale ni giza la kweli, lile la kukufanya uongee polepole. Rafiki yangu akatandika jamvi, tukasubiri darubini ipoe, maana kioo kikiwa na joto la gari nyota hutetemeka kama zimo majini. Hilo hakuna muuzaji atakayekwambia: ipe nusu saa nje kabla hujaanza kuilaumu.

Kisha kukawa na taabu nyingine, na hii ni kasoro ya chombo, siyo ya mtu. Sisi wa Mombasa tuko digrii nne tu kusini ya ikweta. Kwasari hii iko digrii mbili kaskazini ya mstari wa ikweta ya mbingu, ule unaopita juu ya ikweta yetu ya ardhini. Maana yake ikifika juu kabisa inapita karibu na utosi, na kiti cha namna hii kina udhaifu mmoja mkubwa: ukielekeza bomba juu wima, kulisogeza pembeni kunakuwa kama kujaribu kuzungusha mchi ndani ya kinu kwa kidole. Ulaya hawana shida hiyo na kwasari hii, kwao hukaa chini zaidi. Sisi tuitafute ama mapema kabla haijapanda, ama tungoje ishuke. Tulifika wakati mbaya kabisa, iko utosini, na shingo yangu mpaka leo ina maoni yake.

Njia ya kuifikia ni hii. Unaanza na nyota iitwayo Zaniah, jina lililotokana na Kiarabu cha zawiya, yaani zawia, pembe ya nyumba. Kutoka pembeni pale unaenda kaskazini mashariki digrii tatu na nusu, kama upana wa vidole viwili ukinyoosha mkono. Kisha unaacha kidarubini cha kulengea na kuanza kuhesabu vinyota kwa ramani. Mpwa wangu alikuwa ameichapa ramani kwenye saiba, nzuri, safi, na haikulingana na kitu chochote tulichokiona. Tulihangaika dakika arobaini. Mimi ndiye niliyeigeuza karatasi kichwa chini. Darubini ya vioo viwili hupindua picha, na mtoto wa chuo alisahau, mzee wa saa akakumbuka. Hilo nimeliandika makusudi ili alisome.

Ilipolingana, ikawepo.

Nukta. Wallahi nukta. Zamani mishale ya saa ilipakwa unga unaong'aa gizani, na unga ule ukichakaa huponyoka chembe moja moja. Chembe moja kama hiyo ikiangukia kitambaa cheusi, ndivyo ilivyo. Haina rangi, haina umbo, haina mkia. Ukiikazia jicho inajificha, ukitazama kidogo pembeni inarudi, kama mwari aliyeitwa sebuleni. Bila ramani ungeipita ukidhani ni kinyota kisicho na jina. Rafiki yangu mwenye shamba alitazama, akasema, "Ndiyo hii iliyokuleta kutoka Mombasa na leso za mkeo?"

Kwa muuzaji wangu mpendwa: zambarau i wapi? Waridi i wapi? Rangi zile za kalenda hutoka kwenye picha zilizokusanya nuru kwa muda mrefu. Jicho gizani halijui rangi. Kuwaambia watu wataona rangi ni sawa na mimi kukuuzia saa ya mkono nikakwambia itakuamsha kwa daku na kukupikia.

Tukakaa jamvini na mbaazi na yale mahamri, ikiwa imebaki saa na ushei kabla ya imsaki, na mpwa wangu akanieleza nimeona nini. Nitayasema kwa namna nilivyoyaelewa mimi, kwa sababu bila maelezo yale ningeirudisha darubini dukani asubuhi yake.

Kwanza, mahali pake palipatikana kwa saa. Saa! Hapo ndipo niliposogea karibu. Miaka ile darubini za redio zilikuwa zinasikia kelele kutoka upande wa Sumbula, lakini hazikuweza kusema kelele inatoka nukta gani hasa. Mwaka 1962 ikatokea mwezi unapita mbele ya chanzo kile. Cyril Hazard na wenzake, wakitumia sahani kubwa ya Parkes kule Australia, wakaangalia kelele inakatika lini na inarudi lini. Ukingo wa mwezi unajulikana ulipo kila sekunde. Ukijua sekunde ambayo sauti ilikatika, umejua mstari ambao chanzo kimelala juu yake, na iliporudi umepata mstari wa pili. Mistari ikikutana, umeshika mwizi. Na mahali pale palikuwa na kitu kama nyota ya kawaida, tena si hafifu sana, ambayo watu walikuwa wameipiga picha tangu karne ya 19 bila kuishughulikia.

Ndipo Maarten Schmidt, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi California, akaielekezea darubini ya Palomar yenye kioo cha mita 5, akaitawanya nuru yake kama mvua inavyotawanya jua. Katika nuru iliyotawanywa hivyo kila elementi huacha mistari yake, kama alama ya kidole, na mistari iliyotokea haikufanana na ya elementi yoyote. Februari 1963 akang'amua: ilikuwa hidrojeni, hidrojeni ya kawaida kabisa, ila mistari yote ilikuwa imesogea upande wa wekundu kwa asilimia 16. Ni kama honi ya matatu inavyoshuka sauti ikishakupita. Mistari ikisogea kiasi hicho, kitu kile kinatukimbia kilomita 47,000 kila sekunde, kikibebwa na ulimwengu unaotanuka. Na kwa kasi hiyo ukipima umbali, nuru iliyoingia jichoni mwangu pale Gazi ilikuwa njiani kwa takribani miaka bilioni 2. Ilipoanza safari hapakuwa na mnyama hata mmoja duniani, vijidudu tu vya baharini.

Sasa mimi nikauliza swali la fundi: kikiwa mbali hivyo na bado nakiona kwa kioo cha elfu thelathini na sita, taa yake ni ya ukubwa gani? Jibu lake nililiomba mara mbili. Ni kama majua trilioni 4. Ukikileta mpaka umbali wa miakanuru 33, yaani mwendo wa nuru wa miaka 33, mahali ambapo jua letu lingekuwa kinyota cha kutafuta kwa shida, kingetuwakia kama jua la adhuhuri.

La ajabu zaidi ni kwamba taa yenyewe ni ndogo. Mwanga wake hupanda na kushuka, na kitu hakiwezi kubadilika chote kwa haraka kuliko nuru inavyoweza kukikata kutoka upande hadi upande. Hiyo nimeielewa kwa saa: chombo kikubwa hakipigi tiki ya haraka. Pendulamu ndefu huenda polepole. Kwa hiyo ukipima tiki umepima ukubwa. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba mwanga wa majua trilioni unatoka mahali padogo mno ukilinganisha na galaksi, yaani kundi zima la mabilioni ya nyota. Nyota haziwezi kubanwa pale zikakaa. Kinachobaki ni shimo jeusi, kitu chenye mvuto ambao hata nuru haiponyoki, na gesi inayozunguka kuliingia.

Shimo lenyewe halitoi mwanga, hilo jina lake linasema. Kinachowaka ni gesi ikizunguka kama maji kwenye tundu la sinki, tabaka moja likisuguana na jingine mpaka linaiva kwa moto. Na moto huo una faida kuliko wa jua. Jua likichoma hidrojeni hugeuza kuwa nishati chini ya asilimia 1 ya uzito wake. Gesi ikiangukia shimo jeusi huweza kutoa kama asilimia 10. Kwa hiyo kwasari hii ikila kama jua moja au machache kwa mwaka, inatosha kuwasha taa yote ile. Mwaka 2018 wataalamu waliunganisha darubini nne kubwa za Chile zikafanya kazi kama moja, wakaona mawingu ya gesi yanavyolizunguka shimo kwa umbali wa takriban siku 150 za nuru, na kwa mzunguko huo wakalipima: uzito kama wa majua milioni 300. Mdomo wa shimo la uzito huo, ukiuweka mahali pa jua letu, unavuka njia ya Mushtarii. Nuru inatumia kama dakika 50 kutoka katikati mpaka ukingoni. Dakika hamsini! Hiyo ni safari ya kutoka kwangu mpaka Mtwapa siku isiyo na foleni.

Na bado inatema. Kutoka katikati pale hutoka mchirizi wa chembe zilizochochewa karibu na kasi ya nuru, urefu wake miakanuru laki mbili hivi, mrefu kuliko galaksi yetu ilivyo pana. Mchirizi huo sikuuona. Darubini yangu haiwezi, na sitaki mtu anunue kama yangu akidhani atauona.

Lililonishika lilikuja mwisho, wakati rafiki yangu anakusanya bakuli. Mpwa wangu alitaja setilaiti iliyoitwa Uhuru. Marehemu mjomba wangu alikuwa mvuvi Malindi, naye alikuwa akisimulia majukwaa ya chuma ambayo Wataliano waliyasimamisha baharini kule Ngomeni, si hii Ngomeni yetu ya Mombasa, ile ya kaskazini mwa Malindi, na namna wavuvi walivyoambiwa wasisogee siku ya kurusha roketi. Sisi watoto tulidhani anatia chumvi. Kumbe tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, ilirushwa kutoka jukwaa lile setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kutazama eksirei za mbinguni, wakaipa jina Uhuru kwa heshima ya siku yetu. Na mojawapo ya vitu ilivyovipima, matokeo yakachapishwa mwaka 1971, ni 3C 273. Nukta ileile. Gesi iliyo karibu na shimo ina joto la kutoa eksirei, na chombo chenye jina la Kiswahili, kilichopaa kutoka maji ambayo mjomba alikuwa akitega nyavu, kilizisikia.

Nilirudi kwenye darubini. Ilikuwa imeteremka kidogo kutoka utosini, bomba sasa linasogea vizuri. Nikaitafuta mwenyewe bila kusaidiwa, Zaniah, kaskazini mashariki, karatasi kichwa chini. Nikakaa nayo mpaka rafiki yangu akapiga ukelele kwamba maji ya kunywa yanatupita.

Najua wapo watakaoniambia hii ni kwasari ndogo. Ni kweli. Mwaka 2024 ilitangazwa moja, J0529−4351, ambayo shimo lake lilikadiriwa wakati huo kuwa na uzito wa majua bilioni 17 na kumeza kama jua moja kwa siku. Ipo nyingine, J0313−1806, iliyotangazwa 2021, ambayo nuru yake iliondoka ulimwengu ukiwa na umri wa miaka milioni 670 tu, na tayari shimo lilikuwa na majua bilioni 1.6, na hakuna aliyeeleza bado kwa kuridhisha lilikulaje haraka hivyo. Lakini hizo kwa inchi nane hazionekani, na mimi hapa natathmini nilichonunua.

Kwa hiyo, unayefikiria kununua ya mtumba hapa pwani. Angalia kioo kwanza, kwa tochi, kwa pembe. Vidoa vichache ukingoni si neno, lakini ukiona utando unaoenea kama ukungu wa mkate, ondoka, hewa ya chumvi imeshaanza kula madini yanayong'arisha kioo. Usikisugue kwa kitambaa cha miwani, hata uwe fundi. Ikiwa ndani ya nyumba ifunike pande zote mbili. Mimi nimetia vifuko vya unga wa kukausha ambavyo huja kwenye maboksi ya saa, na mke wangu amenidai leso zake mbili nikamnunulia tatu. Hesabu nauli ya kutoka kisiwani kama sehemu ya bei. Na kama unachotaka ni kupendezeshwa macho, tazama mwezi na Mushtarii, ufurahi, kwasari uiache.

Darubini naipa nyota nne. Ya tano ningeipa kama kiti kisingekataa utosi, ambako ndiko sisi huku mbingu yetu nzuri ilipo.

Muuzaji nampa mbili, moja kwa kushuka bei na moja kwa kahawa. Wiki iliyopita nilipita kwake. Akanikumbatia, akauliza kama nimeziona rangi. Nikamwuliza skrubu. Akasema iko stoo, nije kesho. Wakati huo kidarubini changu kilikuwa kimeshikwa na skrubu ya tatu niliyoitoa tumboni mwa saa ya mezani ya Kijerumani, iliyoachwa kwangu na mwenyewe hajarudi tangu mwaka 2009. Akirudi, nitamweleza ilikokwenda.